Tatu na Nusu

Barua ilikuwa na mistari minne, na chini yake nukta za kutilia saini zilikuwa zimeshapigwa, kana kwamba kilichobaki ni mkono wake tu.

Mlokole aliisoma polepole, akifuata kila neno kwa ukucha. "Mimi, dereva wa tipa, nakiri kuwa niliteremka kilima kwa uzembe, nikaligonga gari kwenye ukingo wa barabara..." Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kusoma amejifunza utu uzima, mwaka wa pili huu, kwenye madarasa ya jioni, na bado hajazoea kuruka maneno.

"Unasoma au unahubiri?" Bosi akauliza. Ofisi yake ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha, linanuka mafuta ya minyororo ya misumeno. "Weka saini hapo. Kesho asubuhi naipeleka kwa mkaguzi wa magari."

"Nikisaini hii, bosi, leseni yangu ndiyo basi tena."

"Si unasema Mungu anapenda wakweli?"

Jina la Mlokole alipewa na wakata miti wenzake, kwa sababu hakuwahi kuwasha injini bila kuinamisha kichwa. Alilizoea. Lakini siku hiyo dhihaka ya Bosi ilimchoma hata bila jina hilo kutajwa.

"Breki zilizidiwa, bosi. Mzigo ulikuwa mkubwa."

"Mkubwa wapi? Mlijaza hadi ubao wa tatu. Ubao wa tatu ni tani tatu. Gari ni tatu na nusu. Nusu tani nzima mmeniachia bure! Sasa mwenye makosa nani?"

Tipa lile liliitwa hivyo hivyo, Tatu na Nusu. Namba ilipakwa rangi nyekundu ubavuni, kubwa kama ndoo. Lilikuwa gari fupi la porini, linalovuta kwa magurudumu yote manne, linalopanda hadi shinani mwa mti pale ambapo malori hugeuza na kurudi. Bosi alilinunua likiwa na bodi fupi. Akaongeza mbao tatu kila upande, akafunga na mkono wa chuma wa kunyanyulia magogo. Tangu hapo kazi ilikuwa hivyo: mnajaza, mnahesabu mbao, mnaondoka.

"Nipe hadi kesho," Mlokole akasema, akaikunja barua.

Nje, Tatu na Nusu lilisimama na shavu moja limebonyea. Siku tatu zilizopita waliteremka nalo kutoka shamba la mikaratusi, magogo mabichi yakivuja maji. Katikati ya mteremko kanyagio la breki lilizama kama mguu kwenye tope. Mbele, chini ya kona, kulikuwa na ukuta wa zahanati, na kina mama wameketi kwenye benchi kando yake na watoto mapajani. Mlokole alikata usukani akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo kwa nguvu zote. Gari likasimama. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa kiti cha pembeni, akavunjika mkono wa kulia, mkono wa msumeno.

Ndiye huyo sasa aliyekaa juu ya gogo, mkono ukining'inia kwa bandeji shingoni, akimsubiri.

"Umesaini?"

"Bado."

"Mimi nimevunjika mkono, shemeji. Wewe umevunjika ulimi?"

Mlokole hakucheka. Alifungua mlango wa gari, akashika nguzo yake, akainama kusali kama kila siku. Alipofumbua macho, mbele ya pua yake palikuwa na kibao cha chuma, saizi ya kiganja, kimefunikwa na grisi. Miaka sita kilikuwa pale. Alipoajiriwa alijua namba tu. Maneno yalikuwa michoro. Akatema mate kwenye kitambaa, akasugua.

3500. Naam. Lakini nyuma ya namba palikuwa na maneno, naye akayafuata kwa ukucha, moja moja: uzito wa jumla, yaani gari, watu na mzigo.

Akasoma tena.

"Shemeji. Hili gari peke yake lina kilo ngapi?"

"Nitajuaje? Sijawahi kulibeba."

"Panda."

Breki fundi alishazibadilisha jana yake, na bodi lilikuwa tupu. Wakaenda taratibu hadi ghala la nafaka mtaa wa pili, penye mizani ya magari. Mama wa mizani akatoa kichwa dirishani.

"Mmeleta nini?"

"Hatujaleta kitu, mama. Tunapima gari tupu."

"Hewa nayo siku hizi inauzwa? Haya, shukeni mnipishe."

Namba zikacheza, zikatulia. Elfu mbili mia saba na kumi. Akawapima na wao wawili: mia moja na sitini. Mlokole akatoa daftari lake la darasani, akapiga hesabu ya kutoa, akairudia kuhakikisha.

"Mia sita na thelathini," akasema. "Mzigo halali ni kilo mia sita na thelathini."

Shemeji macho yakamtoka. "Hilo ni gogo moja! Gogo moja na matawi ya kuchemshia chai! Na sisi tulikuwa tunajaza..."

"Karibu tani tatu."

Mama wa mizani hakutania tena. Akaandika vipimo kwenye karatasi, akaigonga muhuri, akampa.

Njiani kurudi Mlokole alikumbuka sala zake. Kila jioni kwa miaka sita alikuwa akimshukuru Mungu kwa kumfikisha salama, akidhani anashukuru kwa ajili ya mashimo na kona. Kumbe Mungu alikuwa amebebeshwa tani mbili za Bosi, kila safari, bila hata kuulizwa! Na kina mama wale kwenye benchi, nani aliwauliza? Hasira zilimpanda hadi masikio yakavuma.

Aliiweka karatasi ya mizani mbele ya Bosi. Bosi akaitazama, akaisukuma kando.

"Lile ni gari la porini. Mambo ya mizani ni ya malori ya lami."

"Zahanati iko porini, bosi? Wale watoto ni wanyama wa porini?"

"Usinipandishie sauti!"

"Kibao kimeandikwa gari, watu na mzigo! Wewe ukapaka rangi namba peke yake!"

"Na wewe?" Bosi akasimama. "Umekaa nacho miaka sita ubavuni pako. Mbona hukuuliza?"

Hilo lilimpata. Mlokole akatazama viatu vyake.

"Kweli," akasema. "Hilo ni langu. Naomba kalamu."

Bosi akampa upesi, akitabasamu. Mlokole akaifungua barua, akaigeuza upande usioandikwa, akaanza kuandika kwa herufi kubwa kubwa za darasa la jioni: Mimi, dereva wa tipa, nakiri kuwa kwa miaka sita sikusoma kibao. Leo nimekisoma. Akaandika na kilo zote. Ndipo akatia saini, akaifunga pamoja na karatasi ya mizani.

"Lete hiyo hapa!"

"Naipeleka mwenyewe, bosi."

Mkaguzi alikuja saa kumi alasiri. Alipiga goti, akakisoma kibao, akapima mbao za ubavuni kwa utepe, akatikisa kichwa. Akang'oa namba za gari mbele na nyuma. Leseni ya Mlokole akaibandika onyo, akamrudishia. Bosi naye hakuchelewa: alimwambia palepale asionekane tena getini.

"Sasa utaendesha nini?" Shemeji akauliza wakitoka.

"Bado naruhusiwa kuendesha," Mlokole akajibu, akigusa mfuko wa shati wenye leseni.

Getini lori la mchanga lilikuwa limesimama, limejaa hadi mchanga unamwagika kingoni. Dereva wake akachungulia.

"Mlokole! Kuna nini huko ndani?"

"Gari lako lina kilo ngapi?"

"Hili? Tani saba. Si imeandikwa?"

Mlokole alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, kitambaa mkononi.

"Saba ya nini? Shuka, tusome wote."