Kitabu cha Visiwa vya Moto

Nauza vitabu vilivyotumika mtandaoni, na bosi wangu ni mtangazaji wa taarifa ya habari. Hanijui wala hanilipi, lakini ndiye anayeamua nifungashe nini. Akisema mfalme fulani wa mbali amefariki, wateja wangu wote wanageuka wanahistoria kabla hata marehemu hajazikwa. Nchi mbili zikigombea mpaka, hata kinyozi wetu anataka atlasi. Na haraka yao sasa! "Dada, naomba kifike leo leo." Baada ya wiki chache kitabu kilekile kinanirudia: "Dada, mnanunua vilivyotumika?" Kimekunjwa ncha ukurasa wa tisa. Kuna kitabu kimoja cha vita nimekiuza mpaka nimechoka kukiona, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuvuka ukurasa huo. Mimi nilishawapa jina: wambea wanaojua kusoma.

Siku volkano ilipolipuka kwenye visiwa vya bahari ya mbali, nilikuwa sebuleni nafunga vifurushi. Televisheni ikaonyesha moshi mzito, mtangazaji akasema bandari imefungwa, simu zimekatika na baadhi ya meli hazijulikani zilipo.

"Asante Mungu!" nikasema, nikakimbilia dirishani.

Kitabu kinene cha visiwa hivyohivyo kilikuwa pale, miaka nenda miaka rudi, kikizuia dirisha lisijifunge na upepo. Nikakipangusa vumbi na kukipiga picha. Shemeji alikuwa mlangoni, helmeti mkononi. Yeye ni mdogo wa mume wangu, ndiye anayenipelekea vitabu kwa pikipiki. Mume mwenyewe ni mpishi wa meli za mizigo, nyumbani anakuja kama mgeni.

"Shemeji, wenzio wako kwenye matatizo huko," akasema.

"Kwani nimewasha moto mimi? Nimeshukuru kitabu tu."

Kabla sijaketi, simu ikaanza kulia kama ina wazimu. Wa kwanza kukitaka nikamwita Mzee wa Haraka, maana hakunipa nafasi ya kupumua. "Usimpe mwingine." "Kimeshatoka?" "Sasa kiko wapi?" Nikamjibu kitatoka, atulie.

Lakini sitoi kitabu bila kukipekua ukurasa kwa ukurasa. Niliwahi kuuza kitabu cha mapishi kilichokosa ukurasa mmoja, na yule mama bado ananisema kwa keki iliyoishia katikati. Basi nikapekua mpaka mwisho, nikakuta ramani ya kukunjuliwa. Nikasoma jina la bandari, nikakaa palepale nilipokuwa.

Jina lile nililisikia kwa mume wangu, mara ya mwisho alipopiga simu. Alisema ndiko wanakoelekea. Mimi nilikuwa nakata utepe wa gundi kwa meno, nikamjibu "mm" tu.

"Shemeji, mbona umekalia vifurushi vya watu?"

Nikamwonyesha kwa kidole bandari ambako kaka yake alikuwa anaelekea. Akavua helmeti aliyokwisha kuivaa. Tukapiga simu, haipatikani. Akapiga yeye, kana kwamba mtandao ungemwonea haya mdogo mtu. Haipatikani.

"Nimpelekee mzee kitabu chake?" akauliza.

"Hakitoki humu ndani!"

Nikasoma. Nilisoma kina cha bahari, nikasoma pepo zake, nikasoma sura nzima ya majivu na jinsi yanavyofika mbali. Ukurasa wa tisa niliupita bila kujua. Shemeji akawa ananiletea chai na kuiondoa ikiwa imepoa. Mzee wa Haraka akaandika tena, nami, roho ikiwa juu, nikamrushia: "Mzee, kama ni umbea, washa televisheni."

Asubuhi simu ikalia, namba ngeni. Mume wangu! Injini iliwaharibikia njiani, hawakufika hata karibu na visiwa.

"Kwa nini hukupiga?" nililia huku namfokea.

"Simu ilitumbukia kwenye sufuria ya supu. Hii nimeazima."

"Na supu?"

"Wameinywa. Kapteni ameisifu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shemeji akarukaruka na helmeti kichwani. Ndipo nikamkumbuka mteja, nikamwandikia: "Samahani kwa jana. Kitabu bado unakitaka?"

Akajibu: "Nakitaka. Binti yangu ni muuguzi huko. Nataka kuona hospitali iko mbali kiasi gani na mlima."

Niliona aibu, aibu yenyewe hasa. Shemeji akanyoosha mkono achukue kifurushi kama kawaida.

"Nipakie," nikamwambia. "Napeleka mwenyewe."

Kumbe mzee ni fundi cherehani. Tulimkuta katikati ya nguo za watu, futi ya kupimia shingoni, televisheni inaonyesha moshi uleule, simu yake mezani mbele ya macho yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe wa vitabu?"

"Ndiyo mimi. Jana niliandika upuuzi."

"Yaache hayo. Lete tuone."

Nikasukuma vitambaa pembeni, nikamkunjulia ramani juu ya meza ya kukatia. Akavaa miwani, akatafuta hospitali, akatafuta mlima. Akavua futi shingoni, akaikaza baina ya viwili hivyo, akaibana kwa ukucha. Akapima tena, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea kitambaa cha mteja.

"Ni mbali," akasema. Kisha akanitazama. "Si ndiyo, mwanangu? Ni mbali?"

Sura ya majivu nilikuwa nimeisoma yote, na majivu hufika mbali kuliko futi ile.

"Ni mbali, baba," nikasema.

Nje Shemeji akapiga honi, ana vifurushi vingine vya kupeleka. Nikatoka mpaka mlangoni, nikamwambia azime pikipiki aingie ndani, tungoje simu pamoja na mzee.