Chaza wa Mama Madhu

Mimi Eunike sipendi kufundishwa kazi yangu na mtu ambaye hajawahi kulowanisha mkono. Miaka sita sasa natunza tangi la samaki wa baharini kwenye kliniki ya meno ya Daktari Jignesh, hapa Themi. Tangi lina urefu wa kitanda, limejaa maji ya chumvi, na wagonjwa wanaongoja kung'olewa jino hulikodolea macho mpaka wakasahau woga wao.

Mama yake daktari, Mama Madhu, anaishi ghorofa ya juu. Kila asubuhi akimaliza kusali alikuwa anashuka na bakuli la vidonge vya unga aliokanda mwenyewe, awape samaki. Kwao kulisha viumbe ni ibada, naye ameifanya tangu alipoolewa. Zamani aliwapa samaki wa mtoni; mguu ulipoanza kumsumbua akahamia kwa wangu. Shida ni kwamba hakujua kusema basi. Bakuli zima linaingia! Unga unaobaki unaoza, na mwisho wa kuoza kwake ni naitreti, ambayo ikizidi majini samaki wanadhoofika. Kila nilipopima, kichupa cha kupimia maji kiligeuka chekundu kama juisi ya rosela. Kwenye kadi ya rangi hiyo ni themanini, wakati mimi nataka chini ya kumi.

Nikawa nabadilisha maji kila wiki. Si ya bomba, maana haya yetu yana floraidi inayowapaka watoto meno rangi ya kahawia, ndiyo maana daktari hakosi wateja. Nilichuja ndoo kwa ndoo, nikakoroga chumvi, mgongo ukaniuma kweli kweli. Wiki inayofuata napima, themanini ile ile.

Mwezi wa tatu daktari alikuta samaki wa tatu anaelea mbele ya wagonjwa, akapandwa na hasira. Alimpiga marufuku mama yake kugusa tangi, akamwambia ndiye anayewaua. Mimi akaniambia namba isiposhuka chini ya kumi kufikia mwisho wa Agosti, tangi litang'olewa, pale aweke televisheni. Mama Madhu alipanda ngazi polepole, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Brenda, dada anayefanya kazi za nyumbani kule juu, aliniambia siku nyingine hata mapazia hafungui. Roho iliniuma sana, kwa sababu aliyemwonyesha daktari kile kichupa chekundu ni mimi.

Jumapili moja nilikwenda kwa mama yangu mzazi, njia ya Momela. Nilikuwa nyuma ya jiko naosha vyombo, namwaga maji machafu kwenye mfereji, na macho yangu yakaangukia migomba iliyo kando yake. Ndiyo minene kuliko yote shambani. Kwetu hakuna anayelia kwamba mbolea imezidi. Mtu anapanda kitu pale. Nikasimama na sufuria mkononi, nikacheka peke yangu. Naitreti si mbolea? Miaka sita namwaga mbolea, jamani, na sijapanda chochote.

Kesho yake nilimpigia Krunal, anayefuga matumbawe Dar es Salaam. Nilidhani atanicheka. Badala yake akanieleza kwamba matumbawe laini na wale chaza wakubwa wana mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya nyama yao, na huo ndio hula naitreti ukipata mwanga wa kutosha. Ila akanionya kwamba themanini itawaua, nishushe kwanza.

Kwa kuwa unga ulikuwa umesimama, na samaki nawapa mwenyewe chembe chache tu za dukani, safari hii ndoo zangu hazikwenda bure. Mwezi wa nne ukaisha namba ikiwa thelathini. Nikafunga taa kali, na matumbawe ya kwanza yakaja kwa basi yamenywea kama soksi zilizolowa. Daktari akaniuliza kama hayo ndiyo mapambo ya kuokoa tangi. Nikachukua wembe. Krunal alinielekeza kuyakata vipande na kuvipandikiza kwenye mawe, na hapo sikuhitaji mwalimu, nimegawa machipukizi ya migomba tangu nikiwa darasa la pili. Vipande sita vikawa ishirini. Juni wakafika chaza wanne, wa kufugwa, na vibali vyao mkononi. Walipofungua magamba yao, nyama ya ndani ilikuwa ya buluu yenye madoa, na mgonjwa mmoja alikataa kuingia kwa daktari mpaka amalize kuwatazama.

Ishirini. Kumi na mbili. Nane! Siku namba iliposoma nane nilipiga kigelegele mle mle kliniki, na sioni aibu kusema.

Wiki ya mwisho ya Agosti kichupa kikatoka njano safi, sifuri. Daktari akanipa mkono, akasema nimeshinda. Lakini mimi nilikuwa natazama chaza. Rangi yao ilikuwa inafifia, na matumbawe yamesinyaa. Nikampigia Krunal palepale, akaniambia wana njaa, maji yamekuwa safi kupita kiasi.

Daktari alikuwa amesimama karibu, akasikia. Akasema si neno, atanunua chakula, Brenda atakuwa anawatupia. Hapo ndipo nilipochemka.

"Tangi hili lina mlishaji wake, daktari," nilimwambia. "Ulimfukuza wewe. Kamwite wewe."

Wagonjwa waliinua vichwa. Nilijua naweza kufukuzwa kazi saa ileile, na sikujali. Daktari akanitazama, akavua glavu, akapanda ngazi. Alikaa huko juu mpaka nikaanza kuogopa.

Akashuka amemshika mama yake mkono, naye mama ana bakuli lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika bila kunitazama, macho yakiwa kwa chaza ambao hakuwahi kuwaona. Nilimweleza kwamba wale wanaishi kwa mabaki ya chakula cha samaki, na bila yeye watakufa. Nikamwambia pia kwamba ni kidonge kimoja kwa siku, si bakuli, tusije tukagombana. Akachukua kimoja bakulini, akakiachia majini. Samaki wakakivamia.

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulisema ninawaua."

"Nilikosea, mama," daktari akasema, kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao, mbele ya wagonjwa wote.

Mama Madhu akamwambia kesho saa moja kamili asubuhi aje jikoni kwake, atamfundisha kukanda unga, kisha ashuke naye.