Darasa Lililokwenda Kutafuta Paa Lake

Jana, usingizi uliponichukua tu, nikaota darasa linabisha hodi kwetu.

"Hodi," likasema.

"Karibu," mama akalijibu bila kugeuka, "ila futa miguu."

Lilikuwa lile darasa jipya la shule ya kata yetu, huku milimani Upare. Kuta nne, madirisha matupu, juu mbingu. Sheria yake kila mtu anaijua: wananchi tunapandisha kuta kwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu wa kazi na matofali yake, kisha serikali inaezeka. Mdogo wangu Nakijwa amefaulu darasa la saba, lakini kaambiwa asubiri chaguo la pili, mpaka hilo darasa lipate paa. Shangazi wa Korogwe hana subira hiyo. Jumamosi anakuja kumchukua akaoshe sahani kwenye mgahawa wake.

"Chediel," darasa likaniambia, "nisindikize nikatafute paa langu. Nasikia limeshatoka."

"Limetoka wapi?"

"Serikalini. Limetoka tangu mwaka juzi. Kufika ndiyo bado."

Tunaondoka. Darasa linatembea kama mama mjamzito, mkono kiunoni. Kona ya kwanza ni Same mjini, ya pili ni Dodoma, ya tatu ni jikoni kwetu tena, na hakuna anayeshangaa. Paa tunalikuta kando ya barabara, limejifunika turubai, linatafuna muwa.

"Shikamoo, paa."

"Marahaba. Msinisumbue. Niliambiwa nitoke, nikatoka. Sijaambiwa nifike."

"Basi mimi nakwambia, fika."

"Wewe nani? Una muhuri?"

Nikatoa ulimi. Ulikuwa na muhuri, sijui aliugonga nani. Paa likavaa miwani, likausoma, likaridhika. Likainuka, likalizunguka darasa mara tatu, kisha likaguna.

"Hapa sikai. Ukuta wa nyuma una pengo, matofali mawili hayapo. Mimi nakaa juu ya ukuta uliokamilika. Ni ya nyumba gani hayo?"

Darasa likakohoa kwa aibu. "Ya nyumba ya huyu huyu. Siku ya msaragambo alisema mguu unamuuma."

"Ulikuwa unauma kweli," nikasema.

"Upi?"

Nikaonyesha wa kulia. Miguu yote miwili ikaangua kicheko. "Muongo huyo! Jioni yake tulicheza mpira, tukafunga mawili."

Nageuka, namwona Nakijwa kasimama mlangoni mwa darasa, kashika begi la safari. Angenitukana ningepata la kumjibu, maana mdomo huu haujawahi kunitupa. Lakini ananiangalia tu, kama mtu anayetazama gari lililomwacha.

Napanda ukutani. Najikunja kwenye pengo, magoti kidevuni, mgongo ndani. Naenea barabara, utafikiri fundi alinipima. Paa linanikalia mabegani. Zito, jamani!

"Umekaa vizuri?" naliuliza.

"Sogea kushoto kidogo. Hapohapo. Wewe ni tofali zuri, tatizo lako maneno."

Chini yangu Kidato cha Kwanza kinaingia. Nakijwa analiacha begi nje, anakaa dawati la mbele kabisa. Mwalimu Mgonja, mkuu wa shule, anatafuta ubao, haoni. Anauona mgongo wangu. Anapanda juu ya dawati na chaki yake.

"Usipumue," ananiamuru. "Ubao haupumui."

Nabana pumzi. Chaki inatekenya kuliko vidole. Navumilia mstari wa kwanza, navumilia wa pili, wa tatu ukanishinda. Nikacheka, paa likatikisika, nikaamka.

Kumekucha. Nimelala kifudifudi, mgongo wazi. Chumba cha pili mama anakunja nguo za Nakijwa kwa ajili ya Jumamosi. Nakijwa mwenyewe kaniinamia.

"Kaka, nani kakuandika mgongoni?"

"Acha utani asubuhi yote hii. Kumeandikwa nini?"

Akasoma polepole, kwa sauti. "Kidato cha Kwanza. Waliopo, arobaini. Asiyekuwapo, hakuna."

Akapitisha kidole mgongoni kwangu, akakileta mbele ya macho yangu. Kilikuwa cheupe kwa chaki.

Kule chumba cha pili, nguo ziliacha kukunjwa.

"Soma tena," mama akasema.