Nywele za Mume wa Bernadine

"Bernadine! Bernadine ni nani?"

Aliyeinuka kitini ni Delmar Pruitt, mzee wa miaka sabini na minne mwenye masharubu mazito kama ufagio. Msichana aliyekuwa akichezea simu alimtazama, akayatazama masharubu, akarudi kwenye simu yake akiuma midomo. Delmar alikunja ndita. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiinukia jina hilo katika saluni hii ya bei nafuu, iliyobanwa kati ya duka la dawa na duka la vyakula vya mbwa, na hakuwahi kulizoea. Hapa hawakuulizi jina. Wanakuuliza nambari ya simu, kisha kompyuta ndiyo inayowaambia wewe ni nani. Nambari ya nyumbani aliiandikisha mkewe, basi yakaisha. Bernadine alifariki mwezi wa tatu, na huu ulikuwa wa tano.

Leo Delmar alikuja na nia mbili: jina lile litoke, na akatwe nywele fupi, fupi kweli, kama za jeshini. Miaka yote amekuwa akisema "fupi," na miaka yote ametoka hapa zikimfunika masikio kama mpiga kinanda wa kanisani. Vinyozi wenyewe walibadilika kila mwezi, lakini uziwi wao ulikuwa mmoja. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kinyozi wa leo alikuwa binti mnene, mchangamfu, mwenye kibandiko kifuani kilichosema Kaylene.

"Mimi si Bernadine," Delmar alimwambia hata kabla ya kufungwa kitambaa shingoni.

"Nimeona, mzee wangu."

"Ni marehemu mke wangu. Nataka jina lake lifutwe humo. Nimechoka kuitwa kama mshtakiwa."

"Pole sana, mzee." Kaylene aliigeukia kompyuta. "Nikilifuta, na maelezo yake yanaondoka. Sawa?"

"Maelezo gani?"

"Ya nywele. Tunaandika mteja anavyopenda, ili anayefuata asibahatishe." Akainamia kioo cha kompyuta, akasoma. "'Nywele ni za mume. Mke kapiga simu. Anasema, atawaambia fupi, msimsikilize. Mwachieni zifunike masikio.'" Alijitahidi asicheke, akashindwa. "Bado yanaendelea. Nikusomee?"

Damu ilimpanda Delmar kichwani. Kumbe! Miaka kumi na mmoja amekaa kwenye kiti hiki akitoa amri na kuacha bakshishi, na kila kinyozi akimwitikia "sawa, mzee" huku akimtii mwanamke aliyeko nyumbani anakoroga supu. Na mwanamke huyo huyo akimpokea mlangoni, uso mkavu, na kusema, "Leo wamekupatia kweli." Alijiona mjinga mbele ya mji mzima.

"Futa," alisema.

"Yote?"

"Yote. Halafu chukua mashine. Namba moja."

"Namba moja ni fupi sana, mzee. Una hakika?"

"Binti, wewe ndiye wa kwanza kunisikia humu ndani. Usiharibu."

Kaylene alibonyeza kitufe, kisha mashine ikanguruma. Delmar alifumba macho akauonja ushindi wake. Haukuchukua hata dakika saba.

Alipofumbua, alichokiona kwanza kwenye kioo cha ukutani ni masikio. Makubwa, mekundu, yamechomoza huku na huku kama mashikio ya chungu. Jeshini hakuyaona, kwa kuwa kule kila mtu alikuwa na masikio. Lakini shuleni walimwita Chungu kwa miaka sita, na jambo hilo alilisimulia mara moja tu maishani, garini, mwaka wa kwanza wa ndoa. Bernadine hakucheka, wala hakuligusia tena. Mtu anaweza kuyasahau hata masikio yake, mradi yupo wa kumkumbukia. Delmar alimkasirikia mkewe, akamtamani, na hasira haikupungua.

"Mbona hukunizuia?"

"Nilikuuliza, mzee. Ukasema nisiharibu." Kaylene alimpangusa shingo kwa brashi. "Zitaota. Na habari njema, nimekuandikisha upya. Ukija tena utaitwa Delmar."

Kwenye viti vya nyuma mtu alikohoa kwa kuchoka kusubiri.

"Yale maelezo," alisema hatimaye. "Yaliendelea kusema nini?"

"Sikuyasoma. Uliniambia nifute."

"Yarudishe basi."

"Hayarudi, mzee wangu. Kompyuta zetu ndivyo zilivyo."

Delmar alimtazama binti huyo kwenye kioo. "Yalibaki mengi?"

Kaylene alifikiri kwanza, maana aliona si swali la kujibiwa ovyo.

"Mistari minne," alisema. "Labda mitano."