Obura Analikataa Lori

Akong'o alikuwa akipangusa vumbi kwenye kompyuta ya chama cha ushirika wa kahawa, tawi la Keumbu, Gaurav alipoingia na disketi zake. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu hata kwa mwaka ule wa tisini na saba: skrini nyeusi, herufi za kijani, na mkoromo wa mtu mwenye mafua. Kupitia waya wa simu iliongea na nyingine iliyokuwa Nyamira, na madalali walikuwa na mtu wao kwenye waya huo, anayesoma kila kitu kabla hakijafika.

"Sasa maneno yatasafiri yakiwa yamefungwa kufuli, mama," Gaurav alisema, akichomoa disketi ya mwisho. Baba yake, Ishwar, alikuwa na duka la vifaa vya umeme Kisii mjini. "Na anayebisha lazima ajulikane ni nani. Mashine imezeeka, itafikiria kidogo. Ikikuuliza kama unamkubali usiyemjua, kataa."

Jioni hiyo hiyo, ofisi ya Nyamira ikiwa imeshafungwa, mtu alibisha. Mashine ikauliza: huyu hajulikani atokako, akubaliwe? Akong'o alilelewa katika boma ambalo mgeni wa jioni hupewa kiti kwanza, maswali baadaye. Akakubali. Mashine ikafikiria mpaka chai yake ikapoa, kisha ikaandika: "Nyar Alego, umekula?"

Keumbu nzima hakuna aliyemwita binti wa Alego. Aliyemwita hivyo ni mumewe, Obura, karani wa malori hapo hapo tawini, naye alikuwa amezikwa tangu Machi, lori la chama lilipokosa breki mteremkoni na yeye yumo ndani. Akong'o akajibu kwamba amekula, ingawa hakuwa ametia kitu mdomoni.

Obura hakuwa na maneno mengi, kama zamani. "Nasikia wameandika kwenye ripoti ya ajali kwamba mimi ndiye niliyeliruhusu lile lori. Nililikataa. Meneja akasema liende. Waambie warekebishe."

Akong'o alilia kwa hasira. Mpakiaji mmoja alikufa pamoja na Obura, na mama wa kijana huyo, Bochaberi muuza ndizi, hakuitikia tena salamu za Akong'o. Alichotaka Akong'o ni jina la mumewe lisafishwe, basi.

Asubuhi alimpelekea meneja, Bwana Onyancha, maneno hayo yamechapwa. Meneja akayasoma, akavua miwani, akaagiza Gaurav aitwe. Gaurav alilikagua kufuli kwa makini.

"Liko sawa. Ni yeye mwenyewe, hakuna aliyeingilia."

"Mimi sina shida na hilo," Onyancha alisema kwa upole. "Pole sana, mama. Obura alikuwa mtu wa kuaminika. Lakini ripoti kamati ilishapitisha, na marehemu si mfanyakazi wetu tena." Akavaa miwani tena. "Anapatikana kila jioni?"

"Sijui. Nitamuuliza."

"Muulize pia kama anaweza kutukagulia malori. Tangu atuache hatujapata karani wa maana."

Wengine wana macho makavu jamani. Lakini Obura hakuwahi kukataa kazi maishani mwake, akaianza siku ile ile. Hakuna aliyeuliza anayaonaje malori. Madereva walizoea upesi, kabla ya kuwasha injini walichungulia dirishani: "Obura amesemaje leo?" Ripoti ilibaki vilevile, na Bochaberi aliendelea kugeuza uso.

Ijumaa moja Obura akaandika: "La kijani lisitoke. Breki."

Akong'o alikimbia na karatasi kwa meneja. Onyancha akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Mwambie ahsante sana. Lakini wanunuzi wanasubiri, mama."

Uani injini ilikuwa inanguruma. Juu ya magunia alikaa mwana wa pili wa Bochaberi, aliyepewa kazi ya kaka yake. Akong'o alirudi kwenye mashine.

"Wamesemaje?" Obura aliuliza.

"Linatoka."

Mashine ikafikiria kwa muda mrefu.

"Basi napanda, kama siku ile. Wasiende peke yao."

Laini ikakatika. Akong'o akatoka uani, akamwomba mwana wa Bochaberi asogee kidogo, kuna mtu anapanda. Kijana akasogea, akashika gunia lisimwangukie mgeni, na lori likaondoka.