Mng'ato Mmoja wa Mzee Orville

"Kitendawili," alisema Verna Stuckey, mikono yake imejaa unga hadi viwikoni.

"Tega, mama," waliitikia wavunaji waliokuwa wamejipanga kwenye kaunta.

"Namvua nguo yeye, ninayelia ni mimi."

"Marehemu mumeo, Mungu amrehemu," akajibu Rusty, dereva wa lori la mahindi, na mkahawa mzima ukacheka. Verna mwenyewe alicheka huku akimtishia kwa mwiko. Nani asiyejua kuwa ni kitunguu? Miaka thelathini alikuwa akikitega kitendawili hicho hicho, na miaka thelathini hawajakosa jibu la kipuuzi.

Lakini usiku ule kicheko chake hakikushuka hadi tumboni. Jumatatu Dwight, mtoto wa dada yake ambaye ndiye mwenye mkahawa, alikuwa amemweka kitako. "Mama mdogo, miaka tisa wale wa mkahawa wa kituo cha mafuta wanatushinda. Tukishindwa tena naleta pete za vitunguu za pakiti. Zinatoka kwenye friza, zinaingia kwenye mafuta, basi. Wewe upumzike."

Upumzike. Neno hilo lilimuunguza kuliko karai.

Pale Harlan Fork, Nebraska, mavuno yakiisha, Mzee Orville Tvedt, dereva wa treni aliyestaafu, huzunguka mikahawa miwili ya mji baada ya saa sita usiku kuhukumu pete za vitunguu. Sheria yake ni moja. Anang'ata pete mara moja, kisha anaivuta kwa mkono. Kitunguu kikichomoka chote na kuliacha ganda la unga tupu, umeshindwa, hata kama kina utamu wa asali. Kanzu na mwenye kanzu lazima wakatike pamoja.

Saa saba kasorobo Verna alikaanga pete moja ya kuonja. Aling'ata. Kitunguu kikamteleza kinywani kama nyungunyungu, ganda likabaki mkononi.

Vitunguu vile alivikata Dwight mchana, kwa kutaka kumsaidia. Verna akachukua pete mbichi, akapitisha ukucha upande wa ndani. Utando unaozuia unga kushika ulikuwepo, mwembamba kama karatasi iliyolowa maji.

"Dwight, uliondoa utando?"

"Utando gani?"

"Umekula pete zangu toka una meno ya utotoni, leo unaniuliza utando gani."

"Nilidhani ukikaa pale unazichezea tu."

Taa za gari zikamulika dirishani. Mzee Orville alikuwa amefika. Dwight akanong'ona, "Huku nyuma kuna pakiti ya mfano aliyoiacha muuzaji. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi," alisema Verna. "Mpe mzee kahawa."

Akalivuta bakuli la vitunguu karibu, akaanza kubandua. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, na utando ulikuwa ukikatika vipande vipande. Orville alikuwa amekwisha kukaa, kofia iko juu ya goti.

"Verna, leo unaniweka?"

"Nakuweka ili nikutegee. Kitendawili."

Mzee hakuweza kukikataa kitendawili, na Verna alilijua hilo. "Tega."

"Bibi harusi ana nguo nyingi. Ile isiyoonekana ndiyo itakayomwaibisha."

Orville akanywa kahawa. "Soksi iliyotoboka."

"Wapi."

"Gaguro," alisema Rusty.

"Rusty, wewe hukuoa, nyamaza," alisema Orville, akasogeza kikombe kiongezwe. Alifikiri mpaka kikombe cha pili kikabaki mashapo tu, na Verna akawa ameshabandua pete saba. Akazichovya kwenye rojo la unga na mtindi, akaziteremsha karaini. Mafuta yakaimba.

Sahani ilipofika, watu waliacha kutafuna. Orville akachagua pete kubwa kupita zote, akaigeuza kwenye mwanga, akang'ata mara moja, akavuta.

Ikakatika kama biskuti. Kanzu na mwenye kanzu, pamoja.

Mzee alitafuna taratibu. Akaitazama pale ilipokatika, akapitisha kidole ndani ya kitunguu, akatabasamu kama mtu aliyeona taa ya stesheni yake.

"Utando," alisema. "Jibu ni utando wa ndani."

"Umepata."

"Na wewe umepata." Akainuka, akatoa kwenye koti tuzo ya kila mwaka, kiatu cha farasi kilichopakwa rangi ya dhahabu. "Nimetoka kule kituo cha mafuta sasa hivi. Kitunguu chao kiliniteleza hadi kidevuni. Nikawaambia wakitoe kiatu hiki ukutani kwao."

Kaunta ikapigwa makofi hadi vijiko vikaruka. Rusty akapanda kiti kukitundika kiatu juu ya mlango, na wote wakaagiza pete kwa mpigo.

Verna akalisukuma bakuli lililobaki mbele ya Dwight.

"Nyoosha kidole gumba, baba. Ukucha uko sawa?"

"Uko sawa, mama mdogo."

"Basi kaa hapa ubandue. Mimi napumzika kidogo."