Mtaro au Barabara

Mimi Wasike nilifanya kazi ya magereza miaka thelathini na miwili, lakini kelele kama za nyumbani kwangu sijapata kuzisikia. Mke wangu Nabalayo ni mwenyekiti wa seli yetu hapa Namakwekwe; si seli ya gereza, bali serikali ndogo ya mtaa. Kabla sijapiga mswaki, mlango unagongwa: huyu anataka barua ya kitambulisho, yule kapigwa na mumewe, wale wanagombania bomba la maji. Chai nakunywa peke yangu, jamani, kama mjane!

Basi niliposikia jiji linapunguza seli, nilishangilia. Mpaka mpya wa seli ukipita barabarani, tunabaki kama tulivyo. Ukipita kwenye mtaro, tunaunganishwa na majirani, na uenyekiti wa Nabalayo umekwisha. Nikapita kila kibanda cha chapati nikitangaza, "Mtaro! Mtaro!" Yeye alicheka tu.

"Sema, mzee, sema. Mdomo haulipiwi kodi."

Siku ya mkutano akaja Brendah, ofisa wa jiji, binti mwenye adabu. Kwetu kiongozi wa seli huchaguliwa kwa kupanga mstari, hakuna karatasi, na la mpaka nalo likaamuliwa hivyo hivyo. Wa barabara wajipange nyuma ya Nabalayo, wa mtaro nyuma ya Herbert fundi viatu. Nani ahesabu?

"Afande Wasike!" watu wakapaza sauti.

Nani mwingine? Nimehesabu wafungwa asubuhi na jioni, na hakupotea hata mmoja. Nikapita nikiwagusa mabega. Kwa Nabalayo, sabini na wanne. Kwa Herbert, sabini na wanne. Nikarudia. Vile vile.

"Na wewe je, afande?" Brendah akauliza.

Ala! Askari hajihesabu pamoja na wafungwa. Nilikuwa nimejisahau kabisa. Watu wakaangua kicheko, Herbert akanipungia mkono. Na maji nilikuwa nimeshayavulia nguo: mtaa mzima ulijua mimi ni wa mtaro.

Nikamtazama mke wangu. Yeye hakunitazama. Alikuwa ameshika mkono wa Margret, mjane ambaye shemeji zake walitaka kumnyang'anya kiwanja, Nabalayo akalala mlangoni pake siku mbili kuwazuia. Midomo ilimtetemeka. Miaka arobaini naishi na mwanamke huyu, sikuwahi kumwona akiogopa. Nampenda, bwana, nifanyeje?

Nikaenda kusimama mwisho wa mstari wake. Wa mtaro wakanizomea mpaka masikio yakawaka moto.

"Sabini na watano," Brendah akaandika. "Barabara."

Nabalayo akauacha mstari, akaja kwangu mbio mbio na magoti yake mabovu. Hajanifikia, Rajab muuza mkaa akamdaka njiani: mwenye nyumba kamfungia mlango, watoto wako nje. Nabalayo akanitazama juu ya bega la Rajab, machozi yanamlengalenga.

"Nenda, mama," nikamwambia. "Watu wako wanakungoja."